Skeli ya diminishi kwenye mandolini: vidole vitaizoea haraka, sikio ndo lenye kazi

Kama unapiga mandolini na umeshachoka kuzunguka kwenye meja na maina zilezile, kuna skeli moja naipenda sana na nataka na wewe uijue. Inaitwa skeli ya diminishi, wengine wanaiita oktatoniki kwa sababu ina nota nane badala ya saba, na ukiisikia mara ya kwanza utadhani mpigaji amekosea, alafu anakosea tena, alafu unagundua anakosea kwa mpangilio! Warusi waliipenda mapema, mtunzi Rimsky-Korsakov alishaitumia kwenye Sadko, kazi yake ya okestra, mwaka 1867 na mwanafunzi wake Stravinsky akaendelea nayo, mtunzi Mfaransa Messiaen akaipa nafasi ya pili kwenye modi zake, yaani skeli alizozipanga mwenyewe, na watu wa jazi wanaipitisha juu ya kodi za saba (nota nne zinazopigwa pamoja, kama G, B, D, F) kila siku. Kwenye mandolini hauisikii sana, na mimi naona ni hasara, kwa sababu hiki chombo kinaipokea kirahisi kuliko hata gitaa, nitaeleza kwa nini.

Mpangilio wenyewe ni huu: nusu toni, toni nzima, nusu toni, toni nzima, hivohivo mpaka mwisho. Nusu toni ni freti moja (vile vipau vya chuma vya shingoni), toni nzima ni freti mbili. Ukianzia G unapata G, A-flati, B-flati, B, C-shapu, D, E, F, alafu G tena. Angalia hapo, kuna B-flati na B zote mbili, yaani umaina na umeja vimekaa kwenye nyumba moja, na kuna C-shapu ambayo iko katikati kabisa ya oktavu (umbali wa G mpaka G inayofuata), mbali na G kuliko nota nyingine yoyote. Zilizokosekana ni nne: A, C, E-flati na F-shapu. Zikumbuke hizo nne, sanasana hiyo C, tutairudia.

Kabla ya yote tuni mandolini yako vizuri, na hapa nasisitiza kuliko kawaida. Mandolini ina nyuzi nane kwa jozi nne, G, D, A, E kutoka mnene kwenda mwembamba, na kila jozi inatakiwa itoe sauti moja kabisa. Ukipiga wimbo wa kawaida na jozi imepishana kidogo watu wanavumilia, lakini kwenye skeli yenye mikwaruzo kama hii hautaweza kujua mkwaruzo upi ni wa skeli na upi ni wa uzi uliolegea. Tuni uzi mmoja wa jozi kwa tuna (kile kifaa cha kupimia sauti), mwenzake umtuni kwa sikio mpaka lile wimbi la sauti linalopanda na kushuka lipotee. Alafu piga ile sauti ya kengele juu ya freti ya 12, uguse tu bila kukandamiza, ulinganishe na freti ya 12 ukikandamiza. Ikiwa ya kukandamiza iko juu zaidi, sogeza daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi) kidogo kurudi nyuma upande wa mkia, ikiwa chini zaidi lisogeze mbele upande wa shingo, kwa sababu daraja la mandolini halijagundishwa, linashikwa na nyuzi zenyewe tu na huwa linahama. Na kama unakaa pwani futa nyuzi kila ukimaliza kupiga, chumvi ya hewani inazila haraka na uzi wenye kutu hautuniki.

Sasa usikimbilie kuipanda skeli juu chini. Anza na uzi mmoja. Uzi wa G uache wazi uwe unavuma, na wewe tembea kwenye uzi wa D uliopo pembeni yake, ukipiga jozi zote mbili kwa pamoja:

Uzi wa D: 5, 6, 8, 9, 11, 12, 14, 15, 17

Hiyo ndo skeli nzima kutoka G mpaka G, na kwenye uzi mmoja macho yako yanaona kabisa ule mchezo wa moja-mbili-moja-mbili. Piga taratibu sana, kila nota iache ivume mpaka ianze kufa, alafu ndo usogee. Freti ya 5 ni G juu ya G, imetulia. Ya 6 inakwaruza, na hapo ndo watu wengi wanaondoa kidole haraka, wewe usiondoe, kaa nayo. Ya 8 inaleta huzuni, ya 9 inafungua, ya 11 ni ile C-shapu ambayo haielei wala haizami, ya 12 ni D na utasikia kama kila kitu kimesafishwa, ya 14 ni tamu, ya 15 inakuvuta kwenda mahali. Kama mandolini yako inabana huko juu ishia freti ya 12, inatosha. Hili zoezi peke yake lipe siku kadhaa kabla ya kufanya kingine chochote, na ukiweza kuimba kila nota kabla hujaipiga ni bora zaidi. Wale mliokulia kwenye kwaya na mnajua solfa, iimbeni hivi: do, ra, ma, mi, fe, so, la, ta, do. Ngumu ni pale kwenye ra-ma-mi-fe, mdomo unataka kukimbilia fa kwa mazoea, na fa haipo.

Kuna zoezi jingine dogo la sikio ambalo nalipenda: kandamiza freti ya 6 kwenye uzi wa G, hiyo ni C-shapu, alafu piga pamoja na uzi wa D ukiwa wazi. Nota hizi mbili zinapishana nusu toni tu, D ni kama hezi 294 na C-shapu ni 277, kwa hiyo mawimbi yake yanagongana mara 16 au 17 hivi kwa sekunde na unasikia kabisa sauti inachemka. Fanya tremolo hapo, yaani rudiarudia pigo mfululizo, polepole kisha haraka. Ukishaanza kuupenda huo mgongano wenyewe, bila kusubiri utulie, ujue sikio limeanza kufunguka.

Haya, vidole. Mandolini imetuniwa kwa tofauti ya nota tano tano, yaani kila uzi uko freti saba juu ya mwenzake, na nota nne za skeli hii pamoja na hatua ya kwenda ya tano zinakula freti sita. Kwa hiyo ukipiga nota nne kwenye uzi mmoja ukahamia uzi unaofuata, umbo la vidole ni lilelile ila mkono unarudi nyuma freti moja. Ndo siri yote hiyo. Iangalie:

Uzi wa G: 3, 4, 6, 7
Uzi wa D: 2, 3, 5, 6
Uzi wa A: 1, 2, 4, 5
Uzi wa E: 0, 1, 3, 4

Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kila uzi, hamna kubadilisha. Kwenye uzi wa E kidole cha kwanza kinapumzika kwa sababu nafasi yake imekuwa uzi wazi, cha pili kinakaa freti ya 1, cha tatu freti ya 3, cha nne freti ya 4. Hapa ndo mandolini inalishinda gitaa, kutoka freti ya 1 mpaka ya 5 kwenye mandolini ya kawaida ni kama sentimita 7, kwenye gitaa la urefu wa sentimita 65 ni zaidi ya 12, mkono wa mtu wa kawaida unalia. Pia gitaa lina ile sehemu kati ya G na B ambayo tofauti yake inabadilika na umbo linavurugika, sisi hatuna hiyo shida.

Umbo hilo linaanzia B-flati, kwa hiyo ukitaka lisikike kama skeli ya G ongeza tu G wazi na freti ya 1 mwanzoni. Safari nzima ya oktavu mbili inakuwa hivi: uzi wa G 0, 1, 3, 4, 6, 7, uzi wa D 2, 3, 5, 6, uzi wa A 1, 2, 4, 5, uzi wa E 0, 1, 3. Mkono wa kulia ni chini-juu-chini-juu bila kuvunja, na kwa vile kila uzi una idadi shufwa ya nota kabla ya kuvuka, kila unapoingia uzi mpya unaingia na pigo la chini. Hiyo raha hauipati kwenye meja. Angalizo moja tu: uzi wa A ukiwa wazi hauko kwenye skeli hii. Nyuzi za G, D na E zikivuma zenyewe hamna neno, lakini A ikivuma bila ruhusa inaharibu picha, kwa hiyo kidole cha kwanza kiwe kinaigusa kidogo kuinyamazisha unapokuwa kwenye nyuzi za jirani.

Kwenye muda weka metronomu ya simu kwenye 60, nota mbili kwa kila pigo. Skeli za kawaida zina nota saba kwa hiyo ukipanda oktavu kwa mtindo huu lazima urudie nota ya nane ndo baa (fungu la mapigo, hapa manne) ijae, lakini hii ina nane kamili, baa moja ni oktavu moja, na G ya juu inaangukia pigo la kwanza la baa inayofuata bila kulazimisha. Ukisikia G haijaangukia mwanzo wa baa basi kuna nota umeruka, metronomu inakukagua bure. Usipandishe spidi mpaka upande na kushuka bila kufikiria, na kushuka ndo kugumu, nakushauri utumie muda mwingi zaidi kushuka.

Ukishaizoea ya nne-nne, ihamishie kwenye 6/8, ile ya chakacha. Nota nane ndani ya mapigo sita haziingii sawa, kwa hiyo mkazo unaanza kuhama, mara unaangukia G, mara E, mara C-shapu, na inabidi upande oktavu tatu, au upande na kugeukia kwenye G ilimradi usirudie wala kuruka nota, ufikishe nota 24 ndipo mkazo urudi kwenye G, baa nne kamili. Mtu aliyekulia na ngoma za pwani ataushika huu mzunguko haraka kwa mwili kuliko kwa kuhesabu, kwa hiyo gonga mguu na uache kuhesabu.

Kitu kinachofanya skeli hii iwe rafiki ni kwamba kila baada ya freti tatu inajirudia. Chukua kifungu chochote, kwa mfano kwenye uzi wa A piga 1, 2, 4, 5, 4, 2. Kihamishe freti tatu mbele: 4, 5, 7, 8, 7, 5. Tena: 7, 8, 10, 11, 10, 8. Zote zimo kwenye skeli ileile, hakuna nota ya nje hata moja. Na ukiruka nota moja moja, G kwenda B-flati, A-flati kwenda B, B-flati kwenda C-shapu, kila mruko ni freti tatu, hautakutana na mruko wa freti nne hata mmoja. Hiyo ni faida na ni hatari pia, kwa sababu mpigaji akishagundua huu ufundi anaanza kumwaga vifungu vya freti tatu tatu bila kusema chochote, na msikilizaji anachoka kabla ya mpigaji. Mara mbili inatosha, ya tatu ibadilishe mwisho wake.

Kodi zake ni nzuri mno. Andika namba za freti kuanzia uzi wa G kwenda E: 3-2-4-3 ni kodi ya diminishi yenye B-flati, E, C-shapu na G. Isogeze yote freti moja mbele, 4-3-5-4, unapata B, F, D na A-flati. Nota za kodi ya kwanza ukizichanganya na za kodi ya pili unapata skeli nzima, nane kamili, ndo maana nasema ukizijua hizo kodi mbili tayari unaijua skeli. Zibadilishane kwa tremolo huku unasikiliza. Alafu kuna nyingine ambazo watu hawazitarajii, meja nne kabisa zimejificha humo ndani:

G: 0-0-2-3
B-flati: 3-0-1-1
C-shapu: 1-3-4-1
E: 1-2-2-0

Kila moja peke yake ni kodi tamu ya kawaida ambayo hata mtoto wa kwaya anaijua. Zipange kwa kufuatana na ardhi inahama chini ya miguu yako! G kwenda C-shapu ndo naipenda kuliko zote. Irekodi kwenye simu ikizunguka taratibu, kila kodi baa mbili, alafu piga skeli juu yake. Popote utakapoweka kidole ndani ya lile umbo nota itakuwa imo kwenye skeli, na kazi yako inabaki kuchagua nota ipi itue pale kodi inapobadilika.

Sasa kuitumia kwenye wimbo wa kweli. Usiimwage wimbo mzima, ukifanya hivo hata mimi ninayeipenda nitaondoka. Mahali pake pazuri ni kwenye kodi ya G saba inayorudi C, yaani 0-0-2-1 kwenda 0-2-3-0. Nota zote nne za G saba, G, B, D, F, zimo kwenye skeli, na zilizobaki ndo zinatia pilipili. Na kumbuka nilisema C haimo. Hapo ndo utamu ulipo, msikilizaji amenyimwa C baa nzima bila kujua amenyimwa nini, ukitua nyumbani anaisikia kama mpya. Jaribu hiki kifungu juu ya G saba: uzi wa D 5, 6, uzi wa A 1, 2, 4, 5, uzi wa E 0, 1, na kodi ikigeuka C rudi kwenye E wazi. Ile F kushuka nusu toni kwenda E ndo inafunga mlango. Ukitaka kutua kwa C yenyewe, shuka: uzi wa E 1, 0, uzi wa A 5, 4, 2, 1, kisha rudi 2, umalizie 3 kwenye kodi ya C.

Kwa wapenzi wa taarab kuna jambo la kuangalia hapa. Ukianzia G, ukapiga A-flati, ukairuka B-flati na kwenda moja kwa moja B, sikio lililolelewa na hijazi, ile makamu (skeli) ya Kiarabu, litaitambua palepale na litaisubiri C ije kisha D. Unaweza kuutumia huo msubirio: toa G, A-flati, B, alafu badala ya C toa C-shapu. Shingo za watu zitageuka. Ila usidanganyike kwamba hii ni aina ya hijazi, hijazi ina ule mruko wa freti tatu ambao ndo roho yake na ina kwao inapolala, hii haina mruko ndani yake na haina nota moja inayodai kuwa mama, inaweza kulala G, B-flati, C-shapu au E na zote zikawa na haki sawa. Wewe ndo unayeamua nyumbani ni wapi, kwa kurudia nota, kwa kuikazia, kwa kuacha uzi wazi uvume chini yake. Ndo maana nimeanza na G inayovuma na ndo maana nakuomba usiiruke hiyo hatua.

Ukishakuwa sawa kwenye G, habari njema ni kwamba skeli hizi ziko tatu tu duniani. Umbo lote lisogeze freti moja mbele, hiyo ni ya pili, humo uzi wa A na wa D ukiwa wazi ziko ndani, G na E ziko nje. Sogeza tena freti moja, ya tatu, humo A, E na G ziko ndani na D ndo inafukuzwa. Sogeza tena na umerudi ulipoanzia. Ya tatu itumie juu ya A saba kwenda D, na ya pili juu ya D saba kwenda G, kodi ambazo kwenye mandolini utakutana nazo karibu kila wimbo. Kwa kila moja rudia kwanza lile zoezi la uzi mmoja na sauti inayovuma, safari hii uzi wa D wazi na unatembea juu ya uzi wa A kwa ile ya pili, na uzi wa A wazi unatembea juu ya uzi wa E kwa ile ya tatu. Freti ni zilezile, 5, 6, 8, 9, 11, 12.